Jina la Kumtoa Mtoto

Muuguzi wa kliniki alitaka majibu manne: nitajifungulia wapi, nitafikaje, nani atanisindikiza, nani atanichangia damu. Niliyaandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani, Kitangari, nyumbani kwa mama mkwe. Hospitali, Newala. Usafiri, bodaboda wa jirani. Msindikizaji, mama mkwe mwenyewe. Damu ndiyo ilinisumbua. Mashemeji wote walisema wanaogopa sindano. Aliyekubali ni mjane wa nyumba ya pili, ambaye tangu tumbo langu lilipokuwa zito alinitekea maji pamoja na yake.

Uchungu ulianza alfajiri. Adhuhuri nilikuwa bado mkekani na bodaboda hajaitwa. Simu mama mkwe alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Mtoto amekwama," alisema. "Taja wanaume uliotembea nao, njia ifunguke."

"Mama, mimba ya kwanza huchelewa. Hayo ya kutaja nani aliyathibitisha?"

"Haya, msomi, zaa kwa vyeti vyako."

Wifi alicheka. Nikalia, nikaapa, nikamtukana mama mkwe hadi marehemu mama yake. Simu haikutoka. Sikuwahi kuwa na mwanamume mwingine, lakini sasa nilimhitaji mmoja upesi, na nilimchagua ambaye nilidhani hangeumia: marehemu mume wa yule mjane.

Bodaboda akaitwa. Mtoto alizaliwa tulipofika tu.

"Mmeona?" mama mkwe aliiuliza wodi nzima.

Kisha damu ikanitoka bila kukoma. Mjane akapigiwa simu, akaja na nguo zilezile za shambani. Mama mkwe alimpasha habari akiwa amelala anatolewa damu. Muuguzi wa wodi aliniambia kwamba mjane hakuichomoa sindano. Aliuliza tu, "Ilikuwa kabla hajaugua, au baadaye?"

Mume wangu, aliyekuwa Masasi kwenye korosho, alisema ananiamini. Aliuliza pia mtoto anafanana na nani.

Nimemwendea mjane mara tatu kumweleza ukweli. Mara ya mwisho nilimkuta kwenye bomba la kijiji. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwenye uchungu mtu hadanganyi," alisema.

Mimi ninayemdai kila mtu ushahidi, sikuwa na wa kumpa. Nilisema, "Shikamoo, mama," kama ninayeanza upya. Alijitwika ndoo yake, moja tu, akaondoka.