Jinsi mapipa ya mvinyo yalivyotaka kunifukuzisha karakana Kawempe

Wakuu, salaam kutoka Kampala. Hili limenitokea mwenyewe, chumvi sijaweka. Cheka ukitaka, ila mimi nilitoka jasho.

Mimi ni seremala, Mtanzania. Nimepanga karakana Kawempe kwenye uwanja wa Hajati mmoja, Mnubi. Mama mkali, swala tano, na pombe hataki hata kuisikia.

Sasa kuna baa moja Bugolobi ilikuwa inabadilisha muonekano. Wakatoa nje mapipa matatu ya mvinyo, mbao ya mwaloni, mazee kweli kweli. Muuza chapati wa jirani alishayapigia mahesabu ya kuni.

Roho ikaniuma. Mbao itoke Ulaya ije kuchoma chapati? Nikayaomba, wakanipa.

Wasiojua: pipa likikaa kavu, mbao zinasinyaa, pete za chuma zinalegea. Usiweke gundi, usipige misumari. Unagonga pete zirudi mahali pake, unajaza maji, unaacha mbao zinywe zivimbe mpaka nyufa zijifunge zenyewe.

Nikafanya hivyo. Maji yakawa zambarau, harufu ya mvinyo ikatanda uwanja mzima.

Hapo ndipo akaingia Ssalongo, jirani yangu. (Huku baba wa mapacha ndiye anaitwa hivyo.) Ni mlokole, pombe aliacha, na kila anayepita lazima ahubiriwe habari hiyo. Akaenda moja kwa moja kwa Hajati: fundi anapika pombe!

Hajati huyo, kafika.

"Fundi! Unapika pombe kwa plot yangu?"

"Hapana Hajati, ni maji. Mbao tu ndiyo inanuka."

"Maji gani inanuka hivi? Kesho mchana nakuja. Nikikuta hii vitu, unatoka nayo."

Wakuu, wateja wangu wote wananijua pale. Ningeanzia wapi?

Kesho yake nikaenda kutafuta pikapu ya kuyahamisha. Kabla sijaondoka nikamwambia Ssalongo, uso mkavu kabisa: "Mzee wangu, niangalizie mapipa. Mtu yeyote asionje."

Narudi, nakuta Hajati kasimama mlangoni pa karakana, mikono kiunoni. Nachungulia ndani: Ssalongo kapiga magoti kando ya pipa, mrija mdomoni, macho kafumba kama yuko kwenye maombi.

"Ssalongo," Hajati akaita taratibu. "Unakunywa nini?"

Banange, jamani! Akisema pombe, wokovu umekwisha. Akisema maji, mimi nimeshinda kesi. Nikamwona kabisa anapima.

"Maji, Hajati," akasema. "Maji tu. Tena machungu."

Hajati alicheka mpaka ushungi ukateleza. Akanibakiza, kwa sharti moja: harufu iishe. Nikasugua mapipa kwa maji moto na magadi mpaka mikono ikachubuka.

Mawili sasa ni meza, yameshauzwa. La tatu nililikata katikati, nusu moja Hajati kaichukua, kapanda dania mlangoni kwake.

Nilichojifunza: mbao nzuri usiikimbilie na kiberiti, bado ina kazi. Na ukileta pipa la mvinyo nyumbani, waambie majirani kabla pua zao hazijawaambia.

Mliowahi kufufua mapipa, harufu mnaimalizaje? Shusheni ujuzi hapa.

Na wewe Ssalongo, najua umo humu, unasoma tu huchangii. Karibu mzee wangu, wakuu wanataka kujua ladha.