Kalenda Mbili za Verna na Shahidi Aliyengojeshwa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Verna Stidham anapanda juu ya kiti cha mbao akiwa na kifutio mkononi. Ukutani mbele yake zimetundikwa kalenda mbili. Ya kushoto, yenye picha za farasi, ni ya mahakama ya jimbo. Ya kulia, iliyotolewa bure na duka la mbegu, ni ya mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu. Anafuta neno moja kwenye ya kushoto, anashuka, anasogeza kiti, anapanda tena, kisha anafuta neno hilohilo kwenye ya kulia.

Neno lenyewe ni “Delmer”.

Ni Mei, na hii ni mara ya sita. Kila mara huliandika upya palepale, kwenye ukingo wa juu wa kalenda, pamoja na tarehe mpya, na karatasi imekonda hadi ukuta unaonekana kwa nyuma.

“Nikifuta tena hapa nitatoboa,” anasema bila kugeuka. “Ndiyo maana naandika kwa penseli. Miaka ishirini na sita, penseli tu. Tarehe za mahakama si za kuzipa wino.”

Verna ana miaka hamsini na nane. Ni karani wa wakili Wendell Caudill hapa Sorrel Fork, katika ofisi ya vyumba viwili iliyo juu ya duka la misumari na rangi. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Anapokea simu, anachapa, anawasilisha nyaraka, na juu ya yote anatunza tarehe. Desemba hii amepanga kustaafu, akafuge nyuki na dada yake.

Kabla ya hapo ana jambo moja analolitaka: Delmer Napier ahojiwe kwa kiapo akiwa bado anapumua.

Miaka mitatu iliyopita lilipasuka tangi namba nne la kampuni ya kemikali, ile ambayo mji mzima unaiita Kule Juu kwa sababu matangi yake yamekaa mlimani juu ya kijito. Visima vya familia arobaini na moja vikaanza kunuka kama rangi ya viatu. Familia hizo, kupitia ofisi ya Caudill, zikafungua kesi mbili. Moja iko mahakama ya jimbo, kudai fidia ya visima. Nyingine iko mahakama ya shirikisho, kwa sheria ya maji safi ya nchi nzima. Mdaiwa ni yuleyule, nyaraka ni zilezile, na shahidi mkuu ni mmoja.

Kabla kesi haijasikilizwa, kila upande hupewa muda wa kumwonyesha mwenzake nyaraka na kuhoji mashahidi. Muda huo una tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikisogezwa, kila kitu kinasogea nayo.

Na hapa imesogezwa, imesogezwa, imesogezwa.

Delmer alikagua matangi ya Kule Juu kwa miaka thelathini na minne. Ana miaka sabini na moja, na mapafu yake yamekwisha. Anatembea na mtungi wa oksijeni wenye magurudumu, anaouita “mbwa wangu”. Anasema kampuni ilipelekewa barua tatu kuonya kwamba tangi namba nne limeoza kwa kutu. Kampuni inasema haijawahi kuona barua yoyote. Nakala zipo, zina sahihi yake, zimekunjwa ndani ya kopo la biskuti. Lakini karatasi haiwezi kuapa. Anatakiwa mtu.

Kila tarehe inaposogezwa, Verna huenda mwenyewe kumwambia. Siku hiyo ya Mei mwandishi wa makala haya alifuatana naye. Verna alibeba mkate wa mahindi, bado wa moto, umefunikwa kwa taulo.

“Umeniletea tarehe nyingine?” Delmer aliuliza kabla hatujaketi.

“Nimekuletea mkate.”

“Basi ni tarehe nyingine. Ungekuwa na habari njema ungekuja mikono mitupu.”

“Mzee, usinichokoze leo.”

“Sikuchokozi, dada’ngu. Mwambie Wendell mapafu yangu hayasomi kalenda.”

Mkewe, Opal, alikuwa jikoni akipakua maharage. “Delmer, acha maneno, vuta pumzi,” alisema.

“Maneno ndiyo yaliyobaki,” Delmer akajibu. “Pumzi niliwaachia Kule Juu.”

Verna alicheka naye. Tuliporudi kwenye gari alikaa na ufunguo mkononi, hakuwasha. “Nimeudhika kwelikweli,” alisema. “Na nusu ya hasira ni yetu wenyewe.”

Ana sababu ya kusema hivyo. Mwanzoni kabisa, wakili Caudill alimwonea Delmer huruma. Hakutaka mgonjwa avutwe mara mbili, leo kwa ajili ya mahakama hii, kesho kwa ajili ya ile. Akasaini makubaliano na wakili wa kampuni, Grantham Loomis kutoka mji mkuu wa jimbo: Delmer atahojiwa siku moja tu, kwa kesi zote mbili, nyaraka za pande zote zikishakamilika. Ulikuwa wema. Ila tangu siku ile Delmer alifungwa kamba mbili, na kila mmoja aliyevuta kamba yoyote alimvuta yeye.

Halafu kuna desturi ya mawakili wa milima hii. Mwenzako akikuomba muda, unampa. Huulizi, hunung’uniki. Baba yake Wendell, aliyekuwa wakili katika ofisi hiyohiyo, hakumkatalia mtu hata mara moja. Wendell naye, katika miaka thelathini na mmoja, hajawahi.

“Mke wangu alipopasuliwa, wenzangu walinipa miezi miwili bila kuuliza,” Wendell anaeleza. Ni mtu mpole, tai yake imefungwa vibaya daima. “Hivi ndivyo tunavyoishi hapa.”

Sawa, bwana wakili. Lakini Loomis haishi hapa. Kila alipopewa muda kwa uungwana, aliuchukua ule uungwana, akaupeleka mahakama ya pili, akaandika kwamba walalamikaji hawana pingamizi na hakuna anayeumia. Mimi nimeishi Sorrel Fork miaka kumi na mitano, na bado nanunua maji ya chupa kuwapikia wanangu. Naomba aje aniambie mimi kwamba hakuna anayeumia.

Agosti yakaja maombi ya saba. Verna aliyasoma wakati wa chakula cha mchana, sandwichi ya nyanya mkono mmoja. Maombi kwa jaji wa jimbo yalisema: tunaomba siku sitini, kwa sababu kesi ya shirikisho bado haijakamilisha nyaraka. Maombi kwa jaji wa shirikisho yalisema: tunaomba siku sitini, kwa sababu kesi ya jimbo bado haijakamilisha nyaraka. Sahihi moja. Jumanne moja. Yalipishana kwa dakika kumi na moja.

“Niliweka sandwichi chini,” Verna anasimulia. “Nikasema, kumbe tunapigwa danadana mchana kweupe, tena na mtu mmoja.”

Aliyaweka maombi hayo bega kwa bega, akapaka sentensi zote mbili wino wa njano, akaenda kuyaweka juu ya sahani ya bosi wake.

“Verna, ninakula,” Wendell alisema.

“Hata mimi nilikuwa ninakula. Soma.”

Alisoma, akasoma tena. Kwa mara ya kwanza katika kesi hii aliandika pingamizi, na karatasi mbili za Verna zikaambatanishwa.

Jaji wa jimbo, Eudora Pell, ni mwenyeji wa huku. Alimwita Loomis mbele. Verna alikuwa ameketi mstari wa pili, mkoba magotini.

“Bwana Loomis, mimi namsubiri mwenzangu wa shirikisho,” jaji alisema. “Na yeye ananisubiri mimi. Wewe unamsubiri nani?”

Loomis alizungumza kuhusu utaratibu, na kuhusu kuokoa muda wa mahakama. Jaji alimwacha amalize, kisha akaamuru: Delmer Napier atahojiwa nyumbani kwake, Jumanne tarehe kumi na sita Septemba, saa tatu asubuhi, shirikisho wawe tayari au wasiwe.

Delmer aliambiwa. Akamwomba Opal ampigie pasi shati jeupe.

Siku tano kabla ya Jumanne hiyo, Verna alikwenda posta. Aliporudi, Wendell alikuwa amekaa bila kufanya kazi yoyote, miwani mezani.

“Loomis amepiga simu,” alisema.

“Anataka nini?”

“Wiki moja tu. Binti yake anaolewa Jumamosi.”

“Umemwambiaje?”

Wendell alichukua miwani, akaanza kuifuta.

“Wendell. Umemwambiaje?”

“Ni harusi ya mtoto wake, Verna. Ningemwambiaje mtu hapana?”

Verna anasema hakupiga kelele. Alichukua kifutio, akapanda kiti, akafuta. Mawakili wakikubaliana wenyewe wiki moja, jaji hana neno. “Ningeweza kumtupia kile kiti,” anasema. “Nikapeleka mkate. Delmer akauangalia tu. Siku hiyo hakunitania. Ndipo nilipoogopa.”

Delmer Napier alifariki Ijumaa, tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi. Alipitiliza Jumanne yake kwa siku tatu. Walimzika na lile shati jeupe.

Mazishini watu walileta nyama ya nguruwe, saladi ya viazi na keki za tufaha, wakala wamesimama uani kwa sababu nyumba ilijaa. Wendell alikaa nje ndani ya gari lake hadi Opal alipomfuata na sahani.

Siku kumi baadaye yakaja maombi mapya ya Loomis, kwa mahakama zote mbili. Nimeyashika kwa mikono yangu, na ninayanukuu bila kuongeza: “Kutokana na kifo cha shahidi, tunaomba muda uongezwe kwa siku tisini.”

Mtu aliketi mahali fulani, kwenye kiti kizuri, akachapa sentensi hiyo. Kisha akaenda kula.

Chini yake kulikuwa na ibara nyingine. Kwa kuwa marehemu ndiye pekee aliyedai kuzijua barua hizo tatu, kampuni itaomba baadaye zitupwe kabisa nje ya ushahidi. Verna aliisoma kwa sauti mbele ya Opal, aliyekuja ofisini kurudisha vyombo vya mazishi. Wendell alikuwa mlangoni.

“Rudia hapo,” Opal alisema.

“Ndiye pekee aliyedai kuzijua.”

Opal ana miaka sitini na tisa na huzungumza polepole. Aliweka bakuli mezani. “Delmer alijua kusoma mita na kuandika jina lake. Basi. Barua aliniambia jikoni, nikaandika mimi.”

Opal akaendelea:

“Na hakuzipeleka yeye. Alikuwa zamu ya usiku, ofisi yao inafunguliwa asubuhi. Nilizipeleka mimi. Mara tatu. Nilimpa msichana wa mapokezi mkononi, na jina lake ninalo.”

“Mama Opal,” Verna alisema, “mbona hukusema miaka yote hii?”

“Alikuwa na aibu. Alisema atayaeleza mwenyewe siku ya kiapo, kila kitu, hata hilo la kuandika. Akanisihi nisimtangulie.” Alikunja taulo la mkate mara mbili. “Nilikuwa namngojea yeye. Na yeye alikuwa anawangoja ninyi.”

Wendell aliketi, akashika kichwa. Kisha akainua simu mwenyewe. Verna anaikumbuka sauti ya Loomis ikitoka kwenye kipokezi, laini, ikitoa pole za msiba, ikisema siku tisini si nyingi.

“Hapana, Grantham,” Wendell alisema.

Akasimama, simu sikioni.

“Si tisini wala tisa. Na wala usiniulize habari za harusi.”

Jaji Pell amekubali Opal ahojiwe Jumanne, tarehe ishirini na moja Oktoba, saa tatu asubuhi, ofisini kwa Caudill, bila kungoja mahakama nyingine yoyote. Yale makubaliano ya siku moja kwa kesi zote mbili yalimtaja Delmer peke yake, na Wendell hataandika mengine.

Mwandishi alirudi wiki iliyopita. Verna alikuwa juu ya kiti chake. Kwenye kalenda ya farasi, pale karatasi ilipokonda, alikuwa amebandika kipande kipya cha karatasi nyeupe na kuandika “Opal” kwa wino mweusi. Kwenye kalenda ya duka la mbegu hakuandika kitu.

Opal alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo kuuliza aje saa ngapi. Verna alimwambia saa tatu. Opal akasema atafika saa mbili, asije mtu akasema alichelewa yeye.

Na nyuki? Na Desemba?

“Dada yangu ameshanunua mizinga,” Verna anasema, akishuka kwa kushikilia meza. “Nimemwambia asubiri. Siondoki mpaka familia arobaini na moja zisikilizwe.” Anafunika kalamu na kuirudisha mfukoni. “Katika kesi hii yote, hiyo ndiyo tarehe pekee niliyoisogeza mimi.”