Waya Nyuma ya Meno ya Dada

Dada yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka thelathini alikata uzi kwa meno. Mkasi alikuwa nao, umefungwa kwa kamba shingoni, lakini mkono mmoja ukiwa umeshika pindo na wa pili sindano, kilichobaki bila kazi ni mdomo. Alikuwa akiinama, anauma, anatema kipande cha uzi sakafuni, anaendelea. Mama, aliyemfundisha kushona, alimgombeza kwa hilo tangu siku ya kwanza. Hakuacha.

Alipofika miaka arobaini na minane, jino moja la mbele lilitoka kwenye mstari na kuanza kumsukuma jirani yake. Meno ya chini yakawa yanachoma ufizi wa juu kila akifunga mdomo. Daktari wa meno, mwanamke kijana mwenye vidole vyembamba, alimwambia kwamba akiyaacha hivyo yatalegea moja baada ya jingine. Dada akakubali kuvaa waya, kwa sharti kwamba zisionekane.

"Mimi nawapima watu uso kwa uso," alimwambia daktari. "Watashinda wananiangalia mdomo, halafu waseme nguo imewabana."

Kumbe kuna waya zinazogandishwa kwa vichuma vidogo nyuma ya meno, upande wa ulimi. Ukimtazama mtu huoni kitu.

Ulimi wake ndio uliojua. Siku ya kwanza alisema anahisi kama amebandikwa kifuniko cha kopo mdomoni. Kufika jioni ulimi ulikuwa umechubuka pande zote mbili. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akala uji, akala mkate uliolowekwa kwenye chai na ndizi iliyopondwa kwa uma. Daktari alimpa nta laini, naye akawa anakata kipande kama punje ya mchele na kukipachika juu ya kile kichuma kinachomchoma, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kazi za vitu vidogo. Maumivu aliyabeba bila kulalamika. Kilichomsumbua ni kuongea. Maneno yalitoka na upepo, mazito, na mate yakamjaa katikati ya sentensi.

"Fundi, saa tatu asubuhi hii umekunywa nini, na hukunikaribisha?" fundi viatu wa mlango wa pili alimuuliza Dada.

"Nimekunywa dawa ya kukuvumilia wewe," Dada alimjibu polepole, akitafuta pa kuweka ulimi.

Fundi viatu alicheka mpaka akamwaga gundi. Dada naye alicheka, mkono mdomoni. Baada ya siku tatu wateja walizoea. Mama hakuzoea.

Mama anaishi na Dada, katika chumba kilicho nyuma ya karakana. Macho yake yalizimika kwa presha ya macho, na kwa miaka miwili sasa kumbukumbu nayo inamtoroka. Chumba chake anakijua kwa vidole, na watu wake kwa sauti. Asubuhi ya pili baada ya kuwekewa waya, Dada alipoingia na beseni la maji ya kuoga na kumwamkia, Mama alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Nani wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Mimi nani? Mwanangu yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Nimewekewa waya kwenye meno, nilikwambia jana."

"Mwanangu haongei hivyo," Mama alisema, bila hasira, kama anayemsahihisha mgeni aliyekosea nyumba.

Mwishowe alikubali kuogeshwa, kwa sababu Mama ni mtu wa adabu na hapendi kumvunja moyo mtu aliyekuja na maji. Adabu hiyo ndiyo iliyomuumiza Dada kuliko waya. Alipokuwa akimfunga vifungo vya gauni, Mama alimshika mkono.

"Asante, mwaya. Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Basi mwangalie vizuri."

Mimi nafundisha chuoni, upande wa pili wa mji, na huja kumwona Mama Jumatano na Jumamosi. Jumamosi hiyo nilibisha hodi tu, na Mama akanijua kabla sijavuka mlango.

"Afadhali umekuja," aliniambia. "Dada yako kaniachia mtu. Mtu mwenyewe mwema, sina la kusema. Lakini yeye kaenda wapi, mbona hakuaga?"

"Huyo ndiye Dada, Mama."

"Usinifanye mtoto."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chakula. Sikuweza kumtazama. Mimi niletaye machungwa mara mbili kwa wiki nilijulikana kwa neno moja, na yeye anayemkata kucha, anayemgeuza kitandani, anayekijua kila kidonda cha mgongo wake, aliitwa mtu mwema. Nilijaribu tena kumweleza Mama, nikamwambia anyooshe mkono amguse Dada usoni. Akamgusa, taratibu, paji la uso mpaka kidevu. "Amefanana nasi kidogo," alisema.

Wiki ya pili ikapita hivyo, na ya tatu ikaanza. Mama akawa anakula nusu sahani na kusema iliyobaki awekewe mwanawe, asije akarudi na njaa. Nyama za mikono yake zikapungua. Dada, akiwa peke yake karakanani, alifanya mazoezi kwa kusoma daftari la vipimo kwa sauti: kifua, kiuno, urefu wa mkono, sitini na sita. Alimuuliza daktari ni lini sauti itarudi.

"Ulimi unajifunza wenyewe," daktari alimjibu. "Upe wiki sita. Wengine nane."

"Mimi naweza kuupa. Mama je?"

Akaomba miadi ya kuziondoa waya zote, Alhamisi saa nne. Nilipomkumbusha kwamba meno yatalegea, alikuwa anapiga pasi suruali na hakuinua kichwa.

"Yang'oke yakitaka. Bora niwe kibogoyo anayejulikana kwao."

Jumatano, siku moja kabla ya miadi, nilimkuta amehamishia kazi chumbani kwa Mama. Kila Mama alipobaki peke yake alikuwa anaanza kumwita mwanawe kwa sauti ya kutia huruma, hivyo Dada alikaa pembeni ya kitanda, kimya, akishona kwa mkono pindo za sketi za shule. Aliogopa kusema neno. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimenya machungwa. Palisikika sindano ikipita kwenye kitambaa, na pumzi ya Mama.

Sketi zilikuwa nyingi mapajani, na mkasi ulikuwa umezama chini yake. Dada alifika mwisho wa pindo, akafunga fundo, na bila kufikiri akainama, akauma uzi. Ulikatika kwa mlio ule ule wa miaka thelathini. Pamoja nao kikasikika kitu kingine, kidogo, kama punje ya mchanga kwenye wali. Akajishika mdomo. Kichuma kimoja kilikuwa kimebanduka.

"Mkasi una kazi gani hapo shingoni?" alisema Mama.

Nilidhani anaota.

"Nasema na wewe. Nimekwambia mara ngapi, uzi haukatwi kwa meno? Utazeeka huna hata la kutafunia."

"Mama, unaongea na nani?" nilimuuliza.

"Na dada yako. Humu ndani kuna mbishi mwingine?"

Dada aliteremka akapiga magoti kando ya kitanda, sketi zikatawanyika sakafuni. "Nisamehe, Mama," alisema, kwa sauti ile ile yenye upepo na mate. Safari hii Mama hakushtuka. Alimpapasa kichwani.

"Umerudi lini? Yule mama wa kuniogesha kaondoka?"

"Kaondoka."

"Alikuwa mpole, maskini. Ila maji yake ya moto, alitaka kunipika."

Dada alicheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikabaki na chungwa mkononi lililomenywa nusu. Jioni hiyo Mama alimaliza sahani.

Alhamisi saa nne Dada alienda kwa daktari na kile kichuma ndani ya bahasha ya vifungo. Daktari alikigandisha upya, waya zikabaki. Daktari alipouliza alikuwa ameuma nini, alimwambia ukweli, akagombezwa mara ya pili katika siku mbili.

Sauti yake imerudi sasa, karibu yote. Lakini kumbukumbu ya Mama inaendelea kwenda, na zipo asubuhi ambazo hata sauti nzuri haimsaidii, Mama anavuta shuka na kuuliza ni nani. Hapo Dada huweka beseni chini. Huchukua kipande cha uzi mfukoni, hukizungusha kwenye vidole viwili, hukisogeza karibu na sikio la Mama na kukikata kwa kukivuta ghafla, kilie kama kimeumwa kwa meno. Kisha hukaa kitandani na kungoja agombezwe.