Marehemu Aliyetuitikia Hodi

Leo nimepita mtaa wa Chaani, nikacheka peke yangu.

Miaka ya tisini nilikuwa karibu kununua pikapu huko. Muuzaji hakuwa na logibuku, kile kitabu cha umiliki wa gari. Ati imo kwenye makaratasi ya marehemu babake, nilipe tu, ataitafuta.

Mamangu akanikemea. "Mtu kafiwa, nawe wamzungumzia gari? Twende kwao tukawape pole kwanza."

Tukaulizia nyumba ya mwenye ile pikapu, tukapiga hodi, sukari ya matanga mkononi.

Akatoka mzee. Tukamwambia tumekuja kwa msiba wa mwenye pikapu ya buluu.

"Mwenyewe ni mimi," akasema. "Kwani mumeiona wapi?"

Alhamdulillahi, pesa zangu zilikuwa bado mfukoni. Lakini hapo nyinyi mngesema nini?

Mamangu alimkabidhi ile sukari. "Basi shika, kaka. Itakuwa ya uzima wako."