Mtoto Aliyekatazwa Maziwa

Kufikia mwaka 1958, Mbuke alikwisha kuzika watoto wawili, na wote walikufa wakinyonya. Walizaliwa wanono, wakatapika, wakageuka manjano, wakaenda zao. Wa tatu, Scolastika, alipoanza kutapika, Mbuke hakulia. Alikuwa amechoka hata kulia.

Mama mkwe wake alikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa: maziwa. Nyumba ya Kisukuma yenye ng'ombe itafute nini tena? Alikamua ng'ombe bora wa zizi, akamnywesha mtoto kwa kijiko, na mtoto alipozidi kuwa manjano naye akazidi kukamua. Kwa mapenzi tu, maskini.

Mabula, mumewe Mbuke, ndiye aliyewapakia kwenye baiskeli hadi hospitali ya misheni, ng'ambo ya Masumbwe. Baada ya mkojo wa mtoto kupimwa, mwuguzi, Sista Eufrasia, aliketi na Mbuke.

"Mama, maziwa yana sukari. Mwilini hugawanyika, na sehemu moja huitwa galaktosi. Ini lina kitu cha kuigeuza hiyo iwe nguvu. Mwanao amezaliwa bila hicho kitu, kwa hiyo inarundikana, inamharibia ini na macho."

Kitu hicho siku hizi tunakiita kimeng'enya. Sista alikosa jina lake kwa Kiswahili, lakini Mbuke alimwelewa vizuri.

"Basi nimpe ya mbuzi?"

"Yoyote hapana. Hata yako."

Akarudi nyumbani na unga wa soya wa kumkorogea mtoto uji mwepesi, matiti yamefungwa kwa kanga, yanauma. Mama mkwe alimpokea kwa maneno makali: mama gani anamnyima mwanawe ziwa? Mtoto akilia, kikongwe huyo alimpakata na kukimbilia kibuyu cha maziwa. Mbuke, ambaye hakuwahi kumbishia, alimnyang'anya mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alifanya hivyo kila siku, bila nguvu wala hasira.

Manjano yakafifia. Scolastika akanenepa mashavu. Asubuhi moja mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaketi kando ya Mbuke.

"Na wale wawili? Nao ilikuwa maziwa?"

"Ndiyo, mayu," Mbuke akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mbuke aliendelea kukoroga uji.

"Kila walipolia," akasema, "niliwanyonyesha."