Upande wa Nyuma wa Jalada

Nikipita mbele ya duka lolote la kuchapisha, nikasikia ile harufu ya wino mbichi na karatasi inayong'aa, wivu wangu wa utotoni hunipanda kooni kana kwamba ni jana. Wengine harufu hiyo huwakumbusha vitabu vipya. Mimi hunikumbusha Akinyi.

Kabla Akinyi hajaja shuleni kwetu Sironga, mchoraji alikuwa mimi. Chati za ukutani, ramani za ubaoni, hata maua ya kadi za walimu, vyote vilipita mikononi mwangu. "Moraa ana mkono," walimu walisema, nami nikatembea na mkono huo kwa madaha. Kisha baba yake Akinyi, muuguzi kutoka kaunti za ziwani, akahamishiwa Nyamira, na binti yake akaketishwa dawati la mbele yangu. Siku ya kwanza tu alimchora mwalimu wa hesabu akipiga chafya. Darasa zima likamzunguka. Mchana ule githeri yangu, mahindi na maharagwe yote, nilimpa jirani.

Tulipokuwa darasa la nane, Mwalimu Kerubo, aliyetufundisha sanaa, alitangaza kwamba jarida la shule, lile lenye picha za wanaomaliza, safari hii lisingebeba picha ya lango kama kawaida. Jalada lingechorwa na mwanafunzi. Aliposema hivyo alitutazama sisi wawili tu. Mimi nilichora shamba la majani chai, mistari imenyooka kwa rula, jua likichomoza juu ya vilima vya Manga. Akinyi alichora wanafunzi wakikimbia mvua ya alasiri, viatu mikononi, sketi zimelowa. Nikacheka kimoyomoyo. Nani anaweka matope kwenye jalada?

Mwalimu Kerubo hakupenda ugomvi. Alisema michoro yote miwili itatumika, mmoja mbele, mwingine nyuma, na mwalimu mkuu ndiye atakayeamua upi ukae wapi. Kukaa mbele kulikuwa kila kitu kwangu. Niliomba kila Sabato kanisani, na ili Mungu asichanganye mambo, nikamtajia jina la Akinyi na upande aliostahili.

Siku moja, mwalimu mkuu akiwa keshaamua lakini sisi hatujaambiwa, mwalimu akatuchukua hadi mjini Kisii tukaangalie rangi kabla ya kuchapwa. Mwenye duka alikuwa Bwana Idrisa, mtu mpole mwenye kofia safi na vidole vyenye madoa ya wino. Simu ya mwalimu ikalia, akatoka nje kuzungumza. Tukabaki sisi watatu mbele ya kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na karatasi moja pana: chai yangu kushoto, mvua ya Akinyi kulia. Maandishi yalikuwa bado hayajawekwa.

"Haya, wanangu, tazameni vizuri," akasema Bwana Idrisa. "Rangi mmeridhika nazo?"

Rangi nilizionea wapi! Tangu darasa la kwanza tulifundishwa kuanza kushoto, na hapo kushoto nilikuwa mimi. Nilitamani kuruka.

Akinyi alikiinamia kioo. "Wameanza na yako, Moraa," akasema. "Hongera." Kisha akanimegea mandazi yake. Sijala mandazi matamu kama yale hadi leo.

Nyumbani niliingia nikipiga kelele. "Mama, yangu ndio iko mbele!"

"Ee, omwana one, mwanangu!" mama akajibu, na kesho yake akawaambia wanawake wote waliopanga foleni na vikapu vyao kwenye kituo cha majani chai. Sabato ilipofika, kanisa zima lilikuwa na habari.

Majarida yaliletwa siku ya kufunga shule. Lile la kwanza nilipolishika, mvua ilikuwa mbele, na jina la shule kwa herufi kubwa juu yake. Nikaligeuza. Chai yangu ilikuwa nyuma, na chini yake tangazo la duka la sare. Usinicheke, msomaji. Jalada huchapwa likiwa limekunjuliwa, na ukilikunja, upande wa kushoto ndio unaokwenda nyuma. Jambo hilo hakuna aliyekuwa ametueleza. Akinyi alinitazama kama mtu anayetaka kuomba msamaha. Afadhali angenicheka, maana huruma yake iliniuma zaidi.

Nyumbani mama alifuta mikono kwa leso, akalipokea. Akaitazama mvua, akaligeuza, akasoma jina langu polepole, midomo ikisogea. Kisha akalilaza mezani sebuleni, kando ya Biblia yake, chai ikiwa juu.

"Hii ndio mbele," akasema.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilidhani mama hajui kitabu hufunguliwa wapi, na kila mgeni alipoonyeshwa jarida lile nilitazama dirishani. Lakini sikumsahihisha. Afadhali aibu hiyo kuliko kuiona mvua ya Akinyi nikinywa uji.

Siku hizi Akinyi anachora vitabu vya watoto huko Nairobi. Mimi ni mwalimu, na chati zangu bado zimenyooka. Desemba iliyopita nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama, jarida likiwa pale pale, na kando yake Biblia, jalada lake la mbele likitazama juu, kama lilivyotazama juu maisha yangu yote. Mama amesoma Biblia hiyo kila asubuhi tangu sijazaliwa. Alijua vizuri sana kitabu huanzia wapi. Ilinichukua hadi nikawa na watoto wangu kuliona hilo.

Nikalichukua jarida. Chai yangu ilikuwa imekwisha: jua la dirishani limeifuta, vikombe vya wageni vimeacha duara juu ya duara, vilima vya Manga havionekani. Nikaligeuza. Mvua ilikuwa kana kwamba imetoka kwa Bwana Idrisa asubuhi ile. Niliitazama kwa mara ya kwanza bila haraka, matope, viatu, yule mtoto wa mwisho anayecheka. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko yangu tangu mwanzo, na wivu ukanichoma palepale pa zamani.

Nikailaza mvua juu, kwa haki tu.

"Moraa," mama akaita kutoka mlango wa jikoni, "rudisha hiyo kitabu vile ilikuwa."

Nikairudisha.