Njia ya Papa Isiyo na Magari

Mwezi uliopita nilipeleka mapazia kwa mteja wangu, mama mmoja mwenye nyumba kubwa upande wa kaskazini wa Johannesburg. Ndani ya geti lake wamemwaga changarawe nyeupe, na nilipokuwa nangoja mlango ufunguliwe, mtoto wake akapita na baiskeli. Magurudumu yakasaga yale mawe, kraa, kraa, kraa, bila haraka. Nikabaki nimekumbatia mapazia, machozi yananitiririka, na yule mama alipotokea nikamdanganya kwamba nina mafua.

Ninyi sitawadanganya. Nilikuwa nimemsikia Papa, baba yangu.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka kumi, na tulikaa Bertrams, mtaa wa hapa Johannesburg, mimi na Mama, katika nyumba iliyogawanywa kwa mbao nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kuinuka. Mama alikuwa msusi. Papa alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo, mtu aliyeogopa hata mbuzi. Mlango wa wakimbizi wa kwenda Ufaransa ulipofunguka, ulimfungukia yeye peke yake. Akatangulia, nasi tukabaki tukisubiri karatasi za kumfuata. Kazi aliyoipata huko ilikuwa kukamua ng'ombe. Mama aliposikia alicheka mpaka akalia, na mimi kwa utoto wangu nikadhani kilikuwa kicheko tu.

Kutoka chumbani kwake hadi zizini Papa alikwenda kwa baiskeli, ambayo sisi watu wa Bukavu tunaiita kinga, akipita njia iliyokuwa ya reli zamani. Treni zilipokoma, watu wa huko waling'oa vyuma, wakamwaga changarawe, wakaweka vizuizi magari yasiingie. Kila Jumapili Papa alitutumia ujumbe wa sauti kwa simu ya Mama, akiwa juu ya kinga.

"Sikia, Furaha. Sikia vile mawe inalia," alisema, kisha akanyamaza kusudi ili nisikie. "Huku hakuna motokari hata moya. Ukikuja tutaenda sisi wawili, we mbele, mi nyuma."

Mama akamuuliza kama watu wa huko ni maskini. Papa akajibu kwamba magari wanayo, wanayaacha nyumbani kwa hiari yao na kuja kujipaka matope, hata wazee wenye mvi, wamevaa suruali za kubana za kutia aibu. Mama akasema mtu akishiba sana hukosa kazi ya kufanya.

Niliikariri njia ile kuliko njia ya shuleni. Kwanza kituo cha treni cha zamani, ambacho sasa kilikuwa nyumba ya mtu, maua yakiota pale tiketi zilipokuwa zikikatwa. Halafu daraja la mawe juu ya mto mdogo. Halafu handaki fupi, ambamo Papa aliimba wimbo wa kanisani ili sauti imrudie, akidai ndiyo kwaya yake. Mwisho harufu ya ng'ombe, ambayo alisema angenitumia kama simu ingekubali. Na kila mara alimalizia, "Subira huvuta heri, mutoto wangu." Methali ile niliichoka mapema. Karatasi zetu zilikuwa na miaka miwili zikivutwa.

Shida yangu ilikuwa moja: sikujua kuendesha kinga. Bertrams hapakuwa mahali pa kujifunzia, kwa maana madereva wa teksi pale huichukulia robot nyekundu, yaani taa ya barabarani, kama pambo la Krismasi. Mama alikataza katakata. Aliyeniokoa ni Mzee Salvatori, Mrundi aliyekuwa mlinzi, aliyekwenda kazini kwa baiskeli nyeusi ndefu yenye kiti kigumu. Nyuma ya kanisa letu palikuwa na uwanja wa kokoto wa kuegesha magari, na Jumapili, ibada ikiisha na magari yakiondoka, alinipandisha pale.

"Usitazame gurudumu! Gurudumu linajijua," alinifokea. "Tazama pale unapoenda!"

Nilianguka mpaka magoti yakawa ramani. Lakini ilipofika Desemba nilikuwa nauzunguka uwanja peke yangu, na katika kichwa changu ile kona ya choo cha kanisa ilikuwa kituo cha treni, mfereji ulikuwa mto, na chini ya bati la jikoni niliimba kama niko handakini. Nilimtumia Papa sauti ya mawe yangu. Alijibu kwamba mawe ya Bertrams yanalia kwa Kizulu.

Simu, mjue, sikuruhusiwa kuishika. Mama alisema watoto wanamaliza chaji. Yeye ndiye aliyenichezea sauti za Papa, na nilipojibu yeye ndiye aliyebonyeza kitufe na kukishikilia, mimi nikisema huku nimeuelekeza mdomo kwenye kiganja chake.

Januari Papa alituambia kuna baridi kali, barafu imeshika juu ya changarawe, na ndege wamenyamaza. Alikuwa amenifundisha kwamba huko ni kipupwe sisi tukiwa kwenye joto. Kweli, sisi tulikuwa tunakula matikiti maji mlangoni na kukimbia mvua ya mawe ya saa kumi.

Kisha Februari mambo yakabadilika. Kina mama wa kanisa wakaanza kuja kwetu kila siku na sufuria za sombe, yaani kisamvu, na ugali wa fufu. Mama alijifunga kitambaa kichwani, hakusuka mtu. Nilipouliza, nikaambiwa ana malaria. Nami nikafurahia chakula, Mungu anisamehe.

Jumapili Mama akaniita. "Papa yako ametuma sauti."

Mawe yakalia. Papa akasema jua ni kali, amefungua vifungo vya shati, ng'ombe wamelala kivulini. Nyuma yake ndege walipiga kelele. Nikajua papo hapo kwamba ile ilikuwa sauti ya zamani, ya miezi mingi nyuma. Jumapili iliyofuata alisimulia jinsi alivyochuma matunda meusi ya porini kando ya njia, na hayo nayo nilikuwa nimeshayasikia. Nikawaza kama wanavyowaza watoto waliokulia katikati ya wakimbizi: Papa amepata watu wengine. Ametuchoka, anatutupia makombo. Mtaani kwetu kulikuwa na baba wawili waliopotea hivyo hivyo, kidogo kidogo, simu kwa simu.

Jumapili ya tatu ilipokuja tena sauti ya handakini, uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia Mama ashike kitufe. Akakishika.

"Papa, wewe ni mwongo!" nikasema. "Sasa huko ni baridi, hakuna ndege! Unanitumia sauti za kale! Mimi nimejifunza kinga, nimeumia magoti, nawe unanidanganya. Kaa na watoto wako wa huko. Hiyo njia yako siitaki, na wewe sikutaki!"

Nilisema mengi kuliko hayo. Nilisema mpaka pumzi ikaniishia, na kidole cha Mama hakikuachia kitufe hata mara moja. Nilipomaliza akatuma, akaifunika simu kifuani, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumamosi iliyofuata akafika Baba Mkubwa kutoka Durban, kaka yake Papa. Kwetu mjane hawatangazii watoto msiba. Huitwa mkubwa wa ukoo wa marehemu, akaketisha watoto, akaanza mbali. Baba Mkubwa alikuwa mlinzi, na bosi wake alimnyima ruhusa wiki tatu. Wiki tatu hizo Mama alibeba kifo cha mumewe kinywani bila kukitema wala kukimeza, akimngoja mtu mwenye haki ya kukisema. Baba Mkubwa alianza na babu yetu, akapitia vita, akapitia safari, na alipofika kwenye barafu nikajua.

Papa alikuwa ameanguka kwenye njia yake, asubuhi, moyo ulisimama. Hakugongwa na kitu. Alikutwa baadaye sana na mtu aliyetoka kumtembeza mbwa. Njia ile aliyoisifu kwa sababu haina magari, asubuhi ile haikuwa hata na gari moja la kusimama na kumwokota. Mama alikuwa ameogopa teksi za Bertrams miaka yote, na kumbe kifo kilikuwa kinamngojea mumewe mahali pa amani.

Faili letu lilifungwa, maana mwenye kufuatwa hakuwepo tena. Tulibaki. Mimi nikarithi cherehani, na ndiyo hiyo inayonilisha. Lakini kwa miaka mingi kilichonikaba hakikuwa faili wala Ufaransa. Yalikuwa yale maneno. Nililala nikijua kwamba neno langu la mwisho kwa baba yangu lilikuwa sikutaki, na ingawa niliambiwa hakulisikia, mdomo uliolisema ulikuwa wangu, na aliyelisikia alikuwa Mama.

Siku ile ya changarawe nilipotoka kwa mteja nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa Jumapili ile. Alikuwa anachambua mboga.

"Nilijua utagundua," akasema. "We ulikuwa na akili ya Papa yako. Lakini unajua wiki zile watu wote walikuwa wanasema vipi? Marehemu, marehemu. Hata pasta. Nilikuwa nasikia ni kama banamuzika kila saa. Siku ile we ukamugombeza. Ukamugombeza kama mutu muzima wa afya, mwenye atajibu." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye maji. "Nilitamani usinyamaze, Furaha. Ile kidole ilikuwa inaniuma, na sikuachia."

Kisha akanisogezea nusu ya mboga, nikakaa chini nikamsaidia kuchambua.